Mashine Iliyodhani Bado ni Usiku

Kila likizo Najma alipelekwa Mbweni kwa Shangazi Farida, na huko kila asubuhi alikuwa na kazi zake: kufagia uani, kuchemsha chai ya tangawizi, kisha kufuta vumbi kwenye kompyuta nyeusi iliyokaa pembeni mwa sebule. Kompyuta hiyo waliiita seva. Haikuwa ya kuchezea wala ya kuangalizia filamu. Ilikesha mchana na usiku ikitunza majina na namba za watu wanaojitolea damu, na ilipohitajika iliwatumia meseji. Programu yake aliiandika Shangazi mwenyewe, kwa lugha ya kompyuta iitwayo PHP. Najma aliifuta vumbi seva hiyo taratibu kama anayemfuta uso mtoto mchanga.

Usiku uliopita mvua kubwa ilinyesha na umeme ukakatika. Ulikuwa umerudi sasa, lakini seva ilikuwa na tatizo lake la siku zote. Betri ndogo iliyomo ndani, ile inayoitunzia saa, ilikufa zamani, kwa hiyo kila umeme ukikatika mashine ilisahau hata mwaka. Kwa kawaida Shangazi ndiye aliyeirekebisha. Asubuhi hiyo alikuwa ametoka kununua vitumbua, na Najma, ambaye akiona kazi ya wakubwa hawezi kutulia, akaamua kuifanya yeye. Akaandika tarehe, mwezi na mwaka bila kosa lolote.

"Kaka Talha, saa ngapi?" alimwuliza mtoto wa Shangazi, aliyekuwa akipiga mswaki uani.

"Saa tatu na dakika kumi!"

Najma akaandika tatu na dakika kumi, akabonyeza, akajipongeza moyoni kama fundi mkuu.

Shangazi aliporudi hata chai hakuwahi kunywa. Alikuwa ndiyo kwanza anafungua kompyuta yake ndogo ya mkononi, simu ikaita. Alikuwa Nesi Elinaza, mratibu wa siku ya kuchangia damu, na sauti yake ilisikika mpaka jikoni.

"Dada Farida, uwanja wa shule umejaa maji na hema limeanguka! Tumehamia ukumbi wa madrasa, pale karibu na soko. Watumie watu meseji kabla ya saa tano. La sivyo watafika uwanjani, wataona dimbwi, watarudi zao nyumbani."

"Ondoa shaka, dada. Nawatumia sasa hivi."

Najma aliweka chini kikombe alichokuwa anakiosha. Mdogo wake Twaha alikuwa na ugonjwa wa selimundu, na mara ya mwisho alipolazwa, damu ya kundi lake haikuwepo. Najma alikumbuka midomo ya Twaha ilivyokuwa myeupe, na mama yao akiutazama mlango wa wodi kila ulipofunguliwa. Siku kama hii ndiyo iliyojaza mifuko ya damu kwa watoto kama yeye.

Shangazi akabonyeza. Maandishi mekundu yakajaa kwenye kioo. Akabonyeza tena. Mekundu tena.

"Haijaenda hata moja," alisema, na uso wake ukabadilika.

"Tatizo nini, Shangazi?" Najma aliuliza.

"Meseji hazitumwi na seva yetu. Seva inazipeleka kwenye kompyuta za kampuni ya meseji, ndiyo inayozituma. Lakini kabla ya kuikabidhi majina ya watu, inaidai cheti cha kujitambulisha. Ni kama mtu akipiga hodi: hufungui mlango mpaka ujue ni nani. Leo seva imekikataa cheti cha kampuni."

Talha akaja akifuta mdomo kwa taulo. Alikuwa kidato cha nne na kompyuta alizipenda mno, ila subira hakuwa nayo.

"Mama, si uzime tu huo ukaguzi? Nimeona watu wanafanyaga hivyo. Mstari mmoja tu, meseji zinaenda."

"Zinaenda kwa nani?" Shangazi akamgeukia. "Nikizima, seva itamwamini yeyote atakayesema yeye ndiye kampuni ya meseji. Humu mna namba za watu na makundi yao ya damu. Wametuamini sie, Talha."

Shangazi akasogeza uso karibu na kioo, akasoma kwa sauti.

"Inasema cheti bado hakijaanza kutumika. Cheti chenyewe kipya, kimetolewa leo alfajiri, saa kumi na moja. Na sasa hivi inakaribia saa nne! Kwa nini iseme hakijaanza?" Akashusha pumzi. "Au kuna mtu anajifanya kampuni? Kama ni hivyo, leteni simu zenu. Tutawapigia mmoja mmoja."

"Watu wote hao, Mama? Saa tano itatukuta tumewapigia wangapi?"

Najma aliyasikia maneno hayo na macho yake yakaenda yenyewe pembeni mwa sebule. Kwenye kioo cha seva palisomeka tatu na dakika arobaini na moja. Hapo akang'amua kosa lake. Shuleni walifundishwa, na hata kwenye mtihani alipata vema: mashine huanza kuhesabu saa zake usiku wa manane, si kunapokucha kama tuhesabuvyo sisi. Saa tatu ya asubuhi huandikwa tisa. Yeye aliandika tatu. Jua lilikuwa limejaa sebuleni, lakini kwa seva ilikuwa bado saa tisa ya usiku, na cheti kilichotolewa alfajiri kilikuwa hakijazaliwa.

Dasta yake ya kufutia vumbi ilikuwa pale juu ya seva. Angeweza kusogea pale, ajifanye anafuta vumbi, aandike tisa badala ya tatu, na pasingekuwa na wa kujua. Alipiga hatua moja. Kisha akamwona Shangazi ameinamia programu yake, mstari kwa mstari, akitafuta kosa ambalo halikuwemo. Najma akaona aibu ya kunyamaza ni kubwa kuliko aibu ya kusema.

"Shangazi, naomba unisamehe. Saa ya seva niliiweka mie. Niliandika saa yetu."

Shangazi akainuka, akaenda kutazama, akajishika kichwa.

"Subhanallah! Yaani muda wote ilikuwa inatuambia kweli tupu, ila yenyewe ilidanganywa kuhusu saa." Akacheka, machozi yakimlenga kwa ahueni. "Njoo uandike mwenyewe."

Najma akaandika tisa. Shangazi akabonyeza, na safari hii maandishi yalikuja ya kijani, mstari juu ya mstari: imetumwa, imetumwa, imetumwa.

"Imeshakikagua cheti?" Najma aliuliza kwa sauti ya chini, kama aliye msikitini.

"Imeshakikagua. Imetazama tarehe, imepima muhuri kwa hesabu ambazo tukikaa na kalamu mimi na wewe tutazeeka hatujazimaliza, halafu imefunga maneno kwa siri asiyasome mpita njia. Yote hayo kabla hujapepesa jicho."

Najma aliduwaa. Ile mashine aliyoifuta vumbi kila siku, kumbe ilikuwa na uangalifu mkubwa namna hiyo!

Walipofika ukumbini, Nesi Elinaza alikuwa hana hata pa kuweka mkoba. Watu walijaa mpaka barazani: mafundi pikipiki wenye mikono ya grisi, mwuza samaki na beseni lake tupu, walimu, vijana wa chuo. Bibi mmoja alimwonyesha mlinzi simu yake ndogo ya kitochi ili asomewe tena meseji, asije akawa amekosea mlango.

Najma alisimama kando ya Shangazi, akiwatazama. Shangazi akamshika bega.

"Kukosea saa si jambo la ajabu, mwanangu. Hata mie nina kosa langu, betri ile ilinipasa niibadilishe zamani, na leo nitaibadilisha. Lakini ungenyamaza, ningepoteza asubuhi nzima nikilaumu programu yangu na kampuni ya watu. Mtu akikosea akasema mapema, kosa lake linarekebishika. Akilificha, wanaoumia ni watu wengine kabisa, asiowajua hata sura."

Ndani, mwuza samaki alilala kitandani, akakunja mkono wa gauni, akamnyooshea Nesi Elinaza mkono wake. Hakumjua Twaha, wala hakuuliza damu yake ingekwenda kwa nani.