Matonya Ahamia Misibani

Kila asubuhi Yudith alimpigia mumewe pasi shati jeupe. Matonya alivaa suti, akaaga, akashika njia.

"Kazi njema, Baba Elieth."

"Ahsante, Mama Elieth."

Kazi yenyewe haikuwepo! Kampuni ya ujenzi ilikosa zabuni, ikapunguza watu, na Matonya, mtunza stoo wake, akawa mmoja wao. Aliona aibu kumwambia mkewe. Basi akawa anatoka tu, anatafuta pa kukaa hadi jioni. Na kata yao ya Miyuji nzima, mahali pa kukaa bila kuulizwa maswali ni msibani. Kuna turubai, kuna viti, mchana kuna ugali na maharage. Mwenye suti hukaribishwa mbele.

Ila mazoea yana taabu. Akiona viti vimetupwa ovyo, anavipanga. Akiona sahani za kukodi zimechanganyika na za jirani, anazitenga. Vijiko vya mtaa mzima alijua kila kimoja ni cha nani.

Siku moja alikwenda kwenye msiba wa mstaafu fulani. Wafiwa walimwona anavyohangaika na vyombo, wakaamini ametumwa na ofisi ya marehemu. Mwongoza shughuli akashika kipaza sauti.

"Tumkaribishe mwakilishi wa ofisi atupe salamu za rambirambi!"

Matonya akatazama nyuma. Hakuna mtu. Akasimama, akafunga vifungo vya koti.

"Ndugu wafiwa, marehemu alikuwa baba yetu pale ofisini..."

"Marehemu ni mama!" sauti ilitoka jikoni. "Na wewe, Baba Elieth, leo si uko stoo?"

Alikuwa Yudith, mwiko mkononi. Alikuja kupika na akina mama wa kanisani. Watu walijifunika nyuso kwa khanga wasicheke mbele ya wafiwa.

Nyuma ya nyumba Yudith aliwaka. "Nakupigia pasi uje kula maharage ya watu?"

"Kazi imeisha," Matonya alisema, macho chini. "Niliogopa utaniona si kitu."

Yudith alifuta machozi. "Kazi huisha. Kinachoniuma ni kudanganywa kila asubuhi."

Cecilia, jirani yao, alikuwa karibu akimenya vitunguu. Yeye ni afisa maendeleo ya jamii wa kata.

"Shemeji," alisema, "mtu akifiwa akanyamaza, majirani watajuaje waje? Kazi ikiisha, tangaza vilevile. Anza na mkeo, mpange upya matumizi. Waambie majirani na uliofanya nao kazi. Omba kwa mwajiri barua ya kuthibitisha kazi uliyofanya. Nenda mfuko wa hifadhi ya jamii ukaulize haki zako. Na usichague kazi ndogo, huku unaongeza ujuzi. Siku hizi stoo nyingi zinatumia kompyuta."

"Ujuzi gani, shemeji? Mimi nilikuwa nalinda misumari tu."

"Mtu anayejua vijiko vyote vya Miyuji anauliza ujuzi gani!" Yudith alisema. Hasira ilikuwa haijaisha, lakini kicheko kilimponyoka.

Jumapili, wakati wa matangazo kanisani, Matonya alisimama akasema wazi kwamba anatafuta kazi. Aliona aibu, lakini alimaliza. Nje, Gerson mkodisha viti na sahani alikuwa anamsubiri. Kila shughuli vyombo vyake hurudi pungufu.

"Njoo unisimamie vyombo," alisema. "Malipo si makubwa."

Matonya alikubali. Siku zisizo na shughuli alichuma zabibu kwenye mashamba ya Makutupora kama kibarua. Jioni alijifunza kompyuta mjini, akibonyeza kwa kidole kimoja huku wanafunzi wa umri wa mwanawe wakimpita mbio. Hakuacha. Sahani za Gerson zikaanza kurudi zote, na Gerson akawa anamsifu kila anakokwenda. Sifa zikafika hadi kwenye ghala moja la nafaka eneo la Zuzu.

Siku hiyo Matonya aliingia nyumbani mbio, anahema.

"Mama Elieth, kaa chini. Nina habari."

Yudith akashika kichwa. "Nani tena amekufa?"

"Hakuna aliyekufa! Nimeitwa kazini, ghala la Zuzu. Wewe ndiye wa kwanza kujua."