Kichwa Kisicho Chake

Kichwa cha kondoo kilikuwa kwenye beseni, ulimi nje.

"Umeniita kwa hiki?" Inspekta aliuliza.

"Sicho nilichokifungia kwenye friji juzi," alijibu daktari wa mifugo. "Kile kilikuwa cha kondoo aliyejifia. Virusi adimu vilimwingia ubongoni, akawa anazunguka na kugonga ukuta. Huyu kachinjwa, damu yote imetoka. Kimenunuliwa buchani."

"Hasara yake?"

"Mchunga kondoo wa kundi alikotoka yule aliyekufa yuko wodini, hasemi; huenda kaambukizwa. Madaktari wake wanasubiri kipimo cha kichwa kile wajue wanatibu nini."

Inspekta alifura. Alikwenda wodini, akampiga picha mgonjwa kwa simu, akarudi maabara na kumwita mhudumu wa maabara.

"Ufunguo wa friji?"

"Ninao, afande."

"Mlinzi kaandika jana usiku ulirudi na ndoo."

"Ya kudekia."

"Humu mna ndoo tatu. Unanifanya mtoto? Mwenye kondoo ni nani wako?"

Mhudumu alitazama viatu vyake. "Kaka yangu. Tumbo moja."

"Alikutuma nini?"

"Alisema ugonjwa ukithibitishwa, kundi zima litauawa. Akaniomba, 'Mdogo wangu, nipe wiki moja niwauze.' Nikabadilisha kichwa. Lakini ni wanyama tu, afande! Nani kaumia?"

Inspekta alipiga meza, beseni likaruka. "Wanyama tu? Na mchungaji?"

"Yuko likizo. Kaka kaniambia."

"Likizo!" Inspekta alimsukumia simu usoni. "Ndiyo hii likizo yake. Mtazame vizuri, mshenzi wewe!"

Mhudumu alitazama. Akaishika simu kwa mikono miwili.

"Shemeji," alisema. "Huyu ni mdogo wa mke wangu. Mimi ndiye niliyemtafutia ile kazi."

"Na kaka yako anajua?"

"Anajua! Alicheza harusini kwetu. Juzi kaniangalia machoni, akaniambia shemeji yako kakusalimu."

"Kichwa kiko wapi? Umekichoma?"

"Aliniambia nichome. Nilifika mpaka kwenye tanuri." Alijifuta uso kwa mkono wa koti jeupe. "Miaka kumi na tisa sijachoma sampuli bila sahihi ya daktari. Mkono ulikataa. Nimekirudisha humu humu, friji ya chanjo, chini ya maboksi."

Daktari alishatoka mbio.

Mhudumu alinyoosha mikono afungwe. Inspekta alimfunga, akabana pingu zaidi kuliko ilivyohitajika.

"Sasa twende kwa kaka yako," alisema. "Utamwambia wewe mwenyewe shemeji kamsalimu."