Kofia ya Nyota Inayopasuka

Sikukuu ilikuwa imekaribia na soko la Chake Chake halipitiki. Nyange, mwalimu wa fizikia, alirudi nyuma kumpisha mchukuzi wa ndizi, akakanyaga mkeka wa watu na kuzitawanya kofia zilizopangwa juu yake.

"Macho yako umeyaacha nyumbani?"

Aliyeuliza alikuwa Mize, mshona kofia wa Vitongoji, mtandio wa zambarau kichwani na wanja umemkaa barabara. Nyange aliinama kuokota, lakini hakuokota kitu. Alibaki kumtazama tu.

"Kunradhi, bibie. Nishonee kofia," akasema, na wala hakuwa na haja ya kofia.

"Ya kiua gani?"

"Ya nyota inayopasuka."

Mize akacheka mpaka mtandio ukamteleza. "Mie nashona maua. Nyota ya kupasuka sijaiona. Haya, nchoree."

Akampa kitambaa na penseli. Nyange akachora duara, kisha mistari miwili mirefu, mmoja ukichomoka juu na mmoja chini. Aliondoka na namba ya simu, roho yake nyeupe kabisa.

Kofia ya mkono haishonwi kwa wiki moja, na Nyange hakuwa na haraka. Kila baada ya magharibi simu ya Mize ililia, naye aliipokea huku sindano ikiendelea.

"Haya mwalimu, jana umeniacha nyota imeishiwa na moto."

"Naam, laazizi. Nyota kubwa mno, jua letu si kitu kwake. Moto ukisha, moyo wake unaporomoka kwa ndani, unakuwa shimo jeusi. Hapo miale ya gamma inachomoka pande mbili, kama nilivyokuchorea. Mmweko wa mara moja, ukazimika."

"Na sie twauona?"

"Ukituelekea, tena kwa mitambo iliyoko angani, si kwa macho. Miaka na miaka wataalamu waliiona mimweko hiyo wasijue yatoka wapi. Mpaka walipokaa wakatazama pale pale. Zikapita siku, pakachomoza mwanga mwengine, wa taratibu, unakua. Supanova! Ndiyo ile ile nyota, inapasuka. Kumbe asili ni moja."

"Kwa hivyo mtu akiona mmweko asiondoke."

"Asiondoke, Mize."

"Na weye? Mmweko mtupu, au nyuma yako kuna kitu?"

"Tazama pale pale."

Mize akatabasamu peke yake. "Na mimweko yote asili yake hiyo?"

"Ile mirefu. Mifupi ina asili nyengine, ntakwambia siku nyengine."

"Mifupi ya nini? Mie nataka mirefu," akasema, na Nyange akacheka hadi akapaliwa.

Kofia ikaisha. Nyange alipoivaa pale sokoni ilimpendeza mno, na Mize akageuza uso asionekane anavyofurahi. Baada ya siku hiyo simu ikanyamaza. Mize akapiga, haikupokelewa. Akapiga tena, vile vile.

Na nyumbani kulikuwa na posa ya Othman, mwenye duka wa Konde. Baba yake Mize alishasema si adabu kuwaweka watu roho juu, jawabu liende Alhamisi.

Asubuhi ya Alhamisi, sokoni, Mize akaiona kofia yake. Ilikuwa juu ya kichwa cha mzee asiyemjua, ananunua halua. Kazi yote ile, Nyange ameigawa!

Alirudi nyumbani, akamwambia shangazi yake, Bi Mwatum, "Kamwambieni Othman ndiyo." Kisha akaingia jikoni akalia, akasingizia vitunguu.

Alasiri Bi Mwatum alikuwa anavaa buibui aende Konde, mara hodi ikapigwa. Baba akamkaribisha mgeni ukumbini. Mize akachungulia nyuma ya pazia. Kofia ile ile, na mzee yule yule wa sokoni!

"Mie Mabruki, wa Makoongwe," akasema mzee, akiweka halua chini. "Nimekuja kwa ajili ya mtoto wa marehemu kaka yangu, Nyange, mwalimu. N'limkataza kumpigia binti simu mpaka wakubwa tuseme, ndivyo tulivyolelewa. Kofia hii yake. Kanivisha mwenyewe, kasema, ami, nenda nayo, wataujua mkono ulioishona."

Mize akamkimbilia shangazi yake mlango wa nyuma, akamshika buibui.

"Shangazi, vua!"

"Nivue? Gari ya Konde yaningoja!"

"Nimeona mmweko nikageuza shingo. Mwambie baba namtaka mwenye kofia."

Bi Mwatum akachungulia ukumbini, akashika kifua. "Mtoto weye! Babu huyu?"

Mabruki alipopewa jawabu la ndiyo na halua kuliwa, simu ya Mize ikalia.

"Umenuna?" akauliza Nyange.

"Nusura nikuponyoke, ujue. Ungenambia kabla ya ami hajakufunga mdomo."

"Kweli, kipenzi. Nimekosa."

"Haya. Ile mimweko mifupi, asili yake nini?"

"Nyota mbili zilizokwisha kulipuka zamani, kila moja kivyake. Zimebaki ndogo, nzito. Zinazungukana, na kila zikizunguka zinakaribiana, dahari na dahari. Mwisho zinakutana, zinakuwa kitu kimoja. Mmweko ndio huo."

Mize akajifunika uso kwa mtandio.

"Mize?"

"Mwalimu weye! Na kofia yote ile nimeshashona. Si ungeanza na hiyo?"

"Basi nishonee ya pili."

"Ya pili," akasema Mize, "ntakushonea kwako."