Alama ya Sita Kwenye Kibao

Kwetu asubuhi huanza na buti za mama. Huzigonga sakafuni moja baada ya nyingine ili udongo wa jana uanguke kabla hajazivaa, na kwa kuwa kitanda changu kiko upande wa pili wa ukuta, hahitaji kuniita. Nikitoka chumbani, chai imeshamiminwa kwenye chupa, kofia yake ngumu ya manjano iko mezani juu ya madaftari yangu, naye ananiuliza swali lile lile la kila siku: jana nililala, au niliongea mpaka alfajiri?

Ananichokoza tu. Nyumbani na shuleni jina langu ni Kasuku, na sitajitetea, maana mdomo wangu kweli hauna breki. Neno jipya nikilisikia leo, kesho darasa zima wamelisikia kwangu mara tano. Na nyumbani kwetu maneno mapya hayaishi, kwa sababu mama yangu ni dereva wa kijiko, ile mashine kubwa ya kuchimba yenye mkono mrefu na ndoo ya chuma mbele. Wenzake kazini wanamwita Mama Kijiko. Walianza kumwita hivyo kwa kumcheka, lakini siku hizi wakikwama na kazi ngumu ni huyo huyo Mama Kijiko wanayemkimbilia.

Muhula ule nikapata bahati ambayo sikuiomba: kijiko cha mama kilikuja shuleni kwetu. Miaka yote tulikuwa tunakuja shule na madumu ya maji, begi mgongoni na dumu mkononi, na ukilisahau unarudishwa nyumbani. Sasa maji ya bomba yalikuwa yanaletwa. Kazi ya mama ilikuwa kuchimba mtaro kutoka barabarani hadi nyuma ya madarasa, kisha shimo la tangi. Kwa hiyo tulitoka nyumbani pamoja kila siku, yeye na buti zake, mimi na dumu langu, na njia nzima nilikuwa nikimpigia hesabu ya siku zilizobaki za kubeba dumu.

Wiki ya kwanza ya kazi ile mama alikuwa anachechemea. Aliteleza kwenye ngazi ya mashine, goti likavimba, na kupiga magoti likawa jambo la kuuma meno. Hapo ndipo nilipopata kazi. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini, mama huikagua mashine. Ana kibao cheusi, ukubwa wa sinia, ambacho hukining'iniza mbele ya kiti chake. Kimeandikwa mistari saba kwa rangi nyeupe: mafuta ya injini, mafuta ya haidroliki, mipira ya mafuta, jeki, minyororo, pini, meno. Ukiangalia kitu kwa macho na kukigusa kwa mkono, unaweka alama ya chaki kwenye mstari wake. Alama zikitimia saba ndipo anapowasha. Ikipungua moja, hata awe nani anapiga kelele kwamba kazi imechelewa, mama hawashi.

Akaniambia yeye ataangalia vya juu, mimi nitaangalia vitatu vya chini ambavyo vinataka goti zima. Masharti yalikuwa mawili na hayakuwa na mjadala: ndoo iwe imelazwa chini, na ufunguo uwe mfukoni mwake. Kisha akaniahidi kitu kilichonifanya nisiweze kula vizuri siku nzima. Nikikagua asubuhi kumi, bila kuruka na bila kulipua, nitapanda nikae kwenye kiti cha dereva na kushika mikono ya kuendeshea, injini ikiwa imezimwa. Hakuna mtoto aliyewahi kukikalia kiti kile.

Siku tisa nilifanya kazi kama mtu anayelipwa. Nilitambaa kando ya minyororo, ile mikanda miwili ya chuma inayoitembeza mashine, nikiangalia kama kuna kiungo kilichopasuka au jiwe lililobanwa. Niliyahesabu meno ya ndoo na kuyatikisa moja moja. Kisha nililala kifudifudi kuzikagua pini, vyuma vinene vinavyoishikilia ndoo kwenye mkono. Kila pini inazuiwa na boliti yake isichomoke, na boliti hizo ziko mahali pa ajabu, chini, kwa nyuma, kama vile aliyezitengeneza hakutaka zionekane.

Siku ya kumi ndiyo ilikuwa siku ya shimo la tangi. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa ameomba ruhusa shule nzima isimame nyuma ya kamba itazame, na alitaka mwanafunzi mmoja aieleze mashine kabla haijaanza. Profesa, mvulana wa darasa letu anayevaa miwani na anayejua kila kitu mpaka kile ambacho hakijagunduliwa, alinyoosha mkono. Mimi nilinyoosha mikono miwili. Mwalimu akasema anayeishi na dereva ndiye aeleze, na Profesa akaninunia mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

Jioni ile nilifua soksi zangu nyeupe mara mbili. Nilipiga pasi sare mpaka mama akauliza kama naolewa.

Sasa, mvua ikanyesha usiku. Tulipofika, ndoo ilikuwa imelala katikati ya tope zito la rangi ya chai. Nilikagua minyororo kwa kuinama kidogo. Nilihesabu meno nikiwa nimesimama. Kwenye pini ilibidi nipige magoti kwenye tope lile, na soksi zangu, na sare yangu, na shule nzima inanisubiri. Nikajiambia jana zilikuwepo, juzi zilikuwepo, zitakwenda wapi? Nikachukua chaki, nikaweka alama ya sita, kisha ya saba. Mama akauliza kama tayari. Nikasema tayari. Akakitazama kibao, akapanda nacho juu, na wala hakuniuliza mara ya pili. Laiti angeniuliza.

Basi nikasimama mbele ya shule nzima, na nasema kweli, siku ile niliongea mpaka nikajipenda. Nilinyoosha mkono wangu wa kulia nikawaambia huu ndio mkono wa kijiko. Begani hadi kwenye kiwiko ni pande kubwa linaloinuka na kushuka. Kiwiko hadi kifundo ni pande la pili linalovuta. Kiganja ndiyo ndoo, na kucha ndiyo meno. Nikawaonyesha jeki, ile mitungi inayong'aa, nikasema hiyo ndiyo misuli: pampu inasukuma mafuta kupitia mipira ile myeusi, mafuta yanaisukuma jeki, jeki inarefuka, mkono unainuka. Ni kama bomba la sindano, unasukuma huku, kitu kinatoka kule. Nikauliza nani anajua kwa nini mashine haipinduki ikibeba udongo mzito mbele. Nikamwita mtoto wa darasa la pili, nikampa dumu lililojaa maji mkono mmoja, akaegemea upande wa pili, watu wakacheka. Nikawaambia mashine nayo inaegemea hivyo hivyo, ila yenyewe ina pande la chuma zito nyuma ya injini linalofanya kazi hiyo muda wote. Wakapiga makofi. Hata Profesa alipiga, kidogo, kwa vidole viwili.

Mama akawasha injini. Ardhi ikatetemeka chini ya viatu vyetu na wadogo wakaruka kwa furaha. Mimi nikawa namalizia juu ya kelele, nikipaza sauti kwamba ndoo inashikwa na pini mbili, na kila pini ina boliti, na boliti ikitoka pini inaweza kuchomoka, na pini ikichomoka ndoo nzima…

Hapo mdomo wangu, ambao hauna breki, ukafunga breki.

Nikatazama kamba. Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wamekaa mbele kabisa, miguu wameinyoosha. Nikatazama ndoo. Nikatazama soksi zangu, nyeupe pee. Kiti cha dereva kilikuwa changu mchana ule ule. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, kitu ambacho sijawahi kukiweza, na siku hiyo nilitamani nikiweze. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Mama alinifundisha ishara moja kabla ya zote. Mtu yeyote akiinua mikono juu ya kichwa na kuipishanisha, dereva anasimama. Mtu yeyote, awe injinia au mtoto. Hajadili, hapigi honi, anasimama. Nikainua mikono, nikaipishanisha.

Injini ikazimwa papo hapo. Mama akatoa ufunguo, akautia mfukoni, akashuka ngazi polepole akilihurumia goti lake.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Sijaona kitu, mama. Ndiyo shida yenyewe. Pini sikuziangalia. Niliweka alama tu."

Nilitegemea aniwakie. Badala yake akanyoosha kidole kuelekea kwenye ndoo. Nikaenda. Nilipiga magoti kwenye tope lile, nikalala kifudifudi na sare yangu iliyonyooka, nikaingiza mkono nyuma. Tope liliniingia kwenye kola. Boliti ya kulia nikaishika, nikaivuta, nikajaribu kuizungusha. Haikutikisika. Ya kushoto vivyo hivyo. Nilirudia mara mbili kila moja.

"Zote zipo," nikasema nikiinuka. "Zimekaza."

Pumzi zikashuka nyuma ya kamba. Profesa, miwani ikimteleza puani, akasema kwa sauti kwamba basi nimewasimamisha watu bure.

"Si bure, mwanangu," mama akamjibu. "Dakika tano zilizopita nilikuwa nabahatisha mbele ya watoto wote hawa, na sikujua kama nabahatisha. Sasa najua."

Akafuta ile alama ya sita kwa kiganja, akanipa chaki, nami nikaiandika upya kwa vidole vya tope. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, si kwa hasira, kwamba hesabu ya asubuhi kumi imefutika na kesho ni ya kwanza. Nikaitikia. Niliumia, sifichi. Lakini akaongeza kwamba hata yeye ana kesi ya kujibu, kwa sababu alimwachia mtoto peke yake kazi ya watu wawili, na kuanzia kesho nitaangalia mimi kisha ataangalia yeye, goti litake lisitake. Akapanda, akawasha, na ndoo ya kwanza ya udongo ikainuka juu ya vichwa vyetu kwa shangwe ambayo nadhani ilisikika hadi barabarani. Mimi nilishangilia kuliko wote, nikiwa na tope mpaka kwenye nyusi.

Nilianza tena moja. Mama hakunipunguzia hata siku moja, na mimi sikuomba. Siku ya nne Profesa akaja mapema, akasimama mbali na kusema alikuwa anapita tu. Siku ya sita aliuliza jeki inavujaje. Siku ya nane mama alimpa chaki aweke alama mimi nikimsomea, na alama zake, lazima nikiri, ni nzuri kuliko zangu.

Asubuhi ya kumi mpya ilikuwa ndiyo ya mwisho, lori la kubebea mashine likiwa limeshafika getini. Tangi lilikuwa limekaa kwenye shimo lake, na madumu yetu yamepangwa stoo yakisubiri kujaa vumbi. Nilikagua vyangu, mama akakagua nyuma yangu akiguna kwa maumivu ya goti, alama saba zikatimia. Akautia ufunguo mfukoni. Kisha akaniambia nipande.

Kiti kilikuwa kikubwa, miguu yangu haikufika chini. Nilishika mikono ya kuendeshea, mmoja kushoto mmoja kulia, nikahisi kama naweza kuchimba nchi nzima. Chini pale Profesa alikuwa ananipungia na mimi nampungia kama mgeni rasmi. Mama akasimama kwenye ngazi kando yangu.

"Sasa nionyeshe pini ziko wapi," akasema.

Nikatazama mbele. Nikaona mkono wa chuma, nikaona jeki, nikaona mgongo wa ndoo. Nikainuka kidogo, nikajinyoosha kulia, nikajinyoosha kushoto. Pini sikuziona. Minyororo nayo sikuiona. Kitu pekee nilichokiona vizuri, usawa wa macho yangu, ni kile kibao cheusi chenye alama saba za chaki.

Nikamgeukia mama.

"Umeona?" akaniambia, akinivika ile kofia yake ya manjano ikanifunika mpaka machoni. "Anayekaa hapa hazioni boliti. Anamwona yule aliyeandika. Kwa hiyo mwanangu, kila utakapoandika kwamba umeangalia, iwe ni mashine, iwe ni somo, iwe ni dawa ya mgonjwa, ujue kuna mtu amekaa juu anakuamini, na ataanza kazi kwa neno lako."

Kisha akanishusha, kwa sababu dereva wa lori alikuwa anapiga honi. Tulikwenda na Profesa kunawa mikono yetu yenye chaki kwenye bomba jipya la shule, na maji yakatoka.