Kopo Lililouzwa Bila Kufunguliwa

Aliyeisimulia kwanza habari hii ni Loveness mwenyewe, Juni 2023, jikoni kwa shangazi yetu Justa, Kahama. Naiandika kama alivyoisema.

Loveness alikuwa na duka la mnada wa mtandaoni, nyuma ya stendi. Watu walimletea vitu vyao, akavipiga picha, akaviweka kwenye kundi la WhatsApp, wanunuzi wakapandishiana bei mpaka jua kuzama. Yeye alikata kamisheni. Mwaka wa kwanza alikula vizuri. Mwaka wa pili wanunuzi walijifunza kumzunguka na kumfuata mwenye mali moja kwa moja, na kodi ya fremu ikaanza kumkaba.

Kilichomwokoa ni mabegi ya gesti. Wachimbaji huacha mabegi yao gesti wakienda machimboni, na wengine hawarudi. Loveness aliyauza yakiwa yamefungwa. Watu walipenda kubahatisha. Sharti lilikuwa moja: hafungui mtu kabla ya mnunuzi, hata yeye mwenye duka.

Alhamisi moja mdogo wake, Ndaki, alitoka Geita na kopo la maziwa ya unga lililozungushiwa solotepu.

"La nani?"

"La mteja, dada. Si hufungui wewe?"

"Ndaki, usiniletee mikosi dukani."

"Duka lenyewe linakata roho, bado unachagua mikosi?" Akacheka. Hakumtazama machoni.

Kopo liliingia mnadani saa kumi. Namba moja isiyo na picha ikaanza kupandisha bei. Haikushindana na mtu... ilijipandishia yenyewe, mara kumi na nne. Jua lilipozama ikaandika: *Nipo mlangoni.*

Loveness akainua macho.

Mwanamke alikuwa amesimama pale. Kaniki nyeusi, miguu peku. Harufu ya udongo mbichi iliingia kabla yake, kama ya shimo la machimbo baada ya mvua.

"Mwadila," alinong'ona, akisalimia kwa Kisukuma.

Akaweka noti mezani. Zilikuwa na unyevu. Kisha akabandua solotepu, taratibu... krrr... krrr... Akatoa bangili ya shaba, akaivaa.

Loveness aliijua bangili ile. Alipozaliwa alilia siku nane bila kunyonya, mpaka wazee wakasema marehemu bibi anataka jina lake. Wakamvisha bangili ya bibi, wakamwita Milembe, akanyamaza. Loveness lilikuja baadaye, la ubatizo. Nyumbani hakuna aliyelitumia. Na bangili ilikaa sandukuni kwa mama, miaka yote.

"Mama, hiyo ni yangu," Loveness alimwambia mwanamke.

"Ilikuwa."

Mwanamke akachukua kalamu, akasaini kitabu cha kukabidhi mali.

*Milembe.*

Mwandiko ulikuwa wa Loveness.

Mwanamke alipotoka tu, Loveness akampigia Ndaki.

"Umeiba sandukuni kwa mama?"

"Dada... shimo letu la dhahabu halijatoa kitu miezi saba. Mganga alisema kitu kinachobeba jina la mtu kiuzwe, na akiuze mwenye jina, kwa mkono wake. Asipojua ndiyo vizuri."

"Ukanitumia mimi. Dada yako."

"Si umepata kamisheni?"

Loveness akakata simu. Akapiga nyumbani, kijiji cha karibu na Maganzo, zaidi ya saa mbili kwa basi kutoka pale.

"Shikamoo mama. Ni mimi, Milembe."

"Milembe?" Mama alisita. "Milembe yuko hapa jikoni, anasonga ugali. Wewe ni nani, mwanangu?"

Nyuma ya sauti ya mama, mtu alicheka.

Kilikuwa kicheko chake mwenyewe.

Kesho yake Loveness alipanda basi la kwanza. Mama alimtolea kigoda uani, akampa maji ya kunywa, akamuuliza kwa upole ametokea ukoo gani. Ndani kulisikika mtu akifagia. Loveness aliponyanyuka kwenda mlangoni, mama akamzuia kwa mkono.

"Hapana, mgeni. Binti yangu hapendi kuonwa."

Duka alilifunga wiki ileile. Alisema hawezi tena kuuza asichokiona, na bila mabegi lisingefika Krismasi.

Shangazi Justa alifariki mwaka jana. Ndaki yu hai, na shimo lake linatoa. Mama yake yu hai, ana afya njema. Loveness yu hai, anaishi kwetu.

Milembe naye yu hai.