Chumvi Juu ya Kigoga

Kila asubuhi kabla ya shule, watoto wa kijiji kiitwacho Hiyo walikwenda hekaluni kung'oa magugu. Walipiga magoti na vibano mikononi, wakichomoa jani moja moja bila kukivuruga kigoga, ule mmea mfupi wa kijani uliofunika ua kama zulia. Bibi Fusae, mtunza hekalu, alipita nyuma yao akifagia.

Kazi ikiisha, wavulana walishindana mieleka kwenye ulingo uliokuwa kando ya ua, maana mashindano ya vuli yalikaribia. Siku hiyo Sosuke, mwana wa seremala, alimwinua mwenzake Tatsuki kwa mkanda akambwaga chini, mdomo ukapasuka.

"Amka, gunia la mpunga," Sosuke akamcheka. "Au nimwite mama yako aje akubebe?"

Tatsuki akatema damu. Alimrukia, akampiga kichwa kifuani, wakagaagaa wakitwangana ngumi hadi Bibi Fusae akawatenganisha kwa ufagio.

Jioni Tatsuki alirudi hekaluni peke yake. Wanamieleka wa kwao hurusha chumvi ulingoni ili kupatakasa, naye alijiambia kuwa ameshindwa kwa sababu chumvi ilikuwa haba. Akafungua mfuko mzima, akairusha konzi kwa konzi, kwa nguvu, kama anayemtupia Sosuke usoni. Nyingi ilivuka ulingo ikaangukia kigoga. Umande ukaiyeyusha, isionekane tena.

Siku zilizofuata kigoga kilianza kubadilika rangi, kikawa cha kahawia na kukunjamana. Bibi Fusae alikionja kwa ncha ya ulimi. "Chumvi," akasema.

Watu wote wakamtazama Sosuke, kwa kuwa ndiye mkorofi wa kijiji. Baba yake, Bwana Iwao, alimburuta kwa ukosi mbele yao, fimbo ya mwanzi mkononi.

"Sikufanya mimi, baba."

"Hata kioo cha jirani kilipovunjika ulisema hivyo hivyo." Fimbo ikashuka mgongoni. "Na mashindano huendi."

Mwanzoni Tatsuki alifurahi moyoni. Lakini fimbo ilishuka tena na tena, sikio la Sosuke likachanika, naye akauma meno asilie. Tatsuki akakimbia akaingia kati, na fimbo ikamfikia kwenye kifundo cha mkono.

"Ni mimi," akasema akigumia. "Mimi ndiye niliyerusha chumvi."

Bwana Iwao akabaki ameinua fimbo. Sosuke alijifuta damu, kisha akampiga Tatsuki ngumi ya tumbo.

"Na muda wote huo ulisimama tu unaniangalia?"

Tatsuki hakurudisha ngumi.

Mwalimu Nagisa, aliyewafundisha sayansi, akaleta hadubini yake, akaweka jani moja dogo la kigoga chini yake. Watoto wakachungulia kwa zamu.

"Kigoga hakina mizizi ya kunyonya maji, hunywa kwa mwili mzima," akawaeleza. "Chumvi huyavuta maji yatoke. Mnaona seli zilivyonywea? Ili kuyazuia, kigoga hutengeneza sukari na kemikali nyingine za kushika maji ndani, na hupambana na sumu inayozaliwa humo. Chumvi ikija kidogo kidogo, hupata muda wa kujitayarisha. Ikija kwa konzi, huzidiwa."

"Kimekufa basi, mwalimu?" akauliza Tatsuki.

"Katikati, ndiyo. Pembeni bado. Kioshwe sasa hivi."

Wakateka maji ya mvua kwenye mapipa ya hekalu, wakakimwagia kigoga hadi giza likaingia. Tatsuki alibeba ndoo kwa mkono mmoja, Sosuke akashika upande wa pili. Hata Bwana Iwao alibeba.

Vuli ilipofika, pembeni palikuwa pamerudia ukijani. Katikati palibaki doa jeusi. Sosuke aliruhusiwa kushindana, na mieleka ilipokwisha Bibi Fusae akawaita wote pale kwenye doa.

"Iwao, fimbo yako ilishuka kabla hujauliza. Mwombe mwanao radhi." Bwana Iwao akainamisha kichwa mbele ya Sosuke. Kisha bibi akamgeukia Tatsuki. "Nawe ulisema kweli, namshukuru Mungu. Lakini ungesema kesho yake asubuhi, maji yangekiokoa chote, na mgongo wa mwenzako usingechapwa. Ukikosa, sema wakati kosa bado linaoshika."