Roshani Iliyozibwa

Shemeji yangu ni fundi mwashi, na waoga huwa anawacheka waziwazi. Wazee wa lile kanisa kongwe la Kilutheri, mabingwa wa kujisifia mnara ambao hata kuupaka chokaa kumewashinda, walimwita abomoe ukuta ulioziba roshani ya kwaya tangu enzi za babu zao.

Alipotoboa tundu, akasikia mbao zikilia gizani, kama watu wanapoinuka kwa pamoja.

“Panya hao,” mchungaji aliyekuja kusimamia kazi akabeza. “Au umeogopa, fundi?”

Shemeji akamsonya, akapanua tundu, akaingia na tochi. Hapakuwa na mlango, dirisha wala mtu. Akashika benchi la mbele asijikwae. Lilikuwa na joto. Akapapasa la pili, kisha la tatu. Yote yalikuwa na joto la watu waliotoka kuketi.